Taa za Kupokezana na Jukwaa la Tamthilia ya Kiswahili

Yeyote anayehudhuria maonyesho ya tamthilia za wanafunzi vyuoni hana budi kukiri kwamba ukanda wa taa za LED umeingia jukwaani, tena kwa kishindo. Ukanda huu, ambao umeyapamba matatu ya Nairobi na unapatikana katika maduka ya barabara ya Luthuli, sasa huzungushiwa nguzo, vizingiti na hata viti vya enzi vya wafalme wa kuigiza. Hapana shaka ni tunu kwa vikundi visivyo na uwezo wa kukodi taa kubwa za jukwaa. Hata hivyo, kidhibiti, yaani kile kisanduku kidogo kinachoziamuru taa ziwake vipi na lini, aghalabu huchaguliwa na muuzaji wala si na kikundi chenyewe. Hapo ndipo tamthilia inapoanza kuharibika.

Mjadala huu hauna budi kuanzia kwenye jina. Istilahi ya Kiingereza inayotumika kuzitaja taa hizi imejengwa juu ya dhana ya anwani, na ni rahisi kuifasiri neno kwa neno kuwa “taa zenye anwani”. Tafsiri hiyo inapotosha. Katika ukanda wa aina ya WS2812B, ambao umeenea sana, hakuna taa hata moja inayojua anwani yake. Kidhibiti hutuma mfululizo wa biti kupitia waya mmoja wa data. Taa ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo, yaani 8 za kijani, 8 za nyekundu na 8 za buluu, kisha huzipitisha zilizosalia kwa jirani yake, naye hufanya vivyo hivyo. Ni mfano wa sahani zinazopokezwa mkono kwa mkono arusini: kila mmoja hubakiza yake na kuziacha nyingine ziendelee. Jina “taa za kupokezana” lingeufaa ukweli huu zaidi. Wala si suala la urembo wa lugha. Anayelielewa jina hilo ataelewa pia kwa nini taa ya 40 ikifa, zote zilizo nyuma yake hukosa amri, na kwa nini waya wa data sharti uingie upande ambao mshale uliochapishwa kwenye ukanda unaanzia.

Sasa kuhusu uchaguzi. Kisanduku cha kawaida chenye rimoti huja na mitindo iliyokwisha kupangwa kiwandani: upinde wa mvua, kumetameta, kukimbizana. Kwa duka la nguo au ukumbi wa arusi hakina ubaya, na bei yake ni nafuu. Tamthilia lakini ina matakwa mengine. Mathalani, katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mhusika mkuu huingia majini na kuibuka amebadilika. Mwelekezi anayetaka kuuonyesha mto huhitaji buluu inayosogea polepole, itulie, kisha izimike kwa kiasi anachokitaka yeye. Rimoti itampa upinde wa mvua, na watazamaji watacheka pasipostahili kicheko. (Neno “mwanga” katika Kiswahili humtaja mchawi pia, na wapo waelekezi wanaoelekea kuipenda maana hiyo zaidi.)

Kifaa kinachofaa zaidi ni bodi ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya China, ikiwekewa WLED, programu ya bure iliyoanzishwa na Christian Schwinne. Bodi huunda mtandao wake wa Wi-Fi, bila kuhitaji intaneti, na mwelekezi huweza kuziandaa na kuzihifadhi hali za taa za kila onyesho kwa simu yake. Arduino Uno nayo hufaa kwa kazi ndogo, ila kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048 tu, na kila taa hudai baiti 3. Taa 300 humeza 900. Taa 700 haziingii kabisa.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili huweza kuvuta miliampea 60. Ukanda wa mita 5 wenye taa 60 kwa kila mita una taa 300, nazo huvuta ampea 18 kwa volti 5, yaani wati 90. Wanafunzi husikia “volti 5” wakadhani ni mchezo wa watoto. Volti 5 hazimrushi mtu, naam, lakini ampea 18 katika waya mwembamba uliolazwa chini ya pazia huzaa joto, na ukumbi uliojaa watu si mahali pa kujaribia bahati. WLED ina sehemu ya kuwekea kikomo cha mkondo. Kikomo hicho kiwe chini ya uwezo wa kigeuza umeme kinachotumika, na fyuzi iwepo. Umeme uingizwe pande zote mbili za ukanda, la sivyo weupe wa upande wa mwisho hugeuka manjano au wekundu. Waya hasi wa bodi na wa ukanda sharti ziunganishwe. Ikumbukwe pia kwamba ESP32 hutoa data kwa volti 3.3 ilhali ukanda hutarajia angalau 3.5, kipande kidogo cha 74AHCT125 huliziba pengo hilo, na kukikosa huleta kumetameta kusikoeleweka. Tena mpangilio wa rangi usipowekwa sawa, damu ya shujaa huwa ya kijani.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Nywila ya mwanzo ya mtandao wa WLED ni wled1234, na inajulikana kote. Isipobadilishwa, mtazamaji yeyote mwenye simu na utundu aweza kuligeuza onyesho la matanga kuwa disko. Isitoshe, WLED isiyorekebishwa huwaka rangi ya chungwa mara tu umeme unaporejea, hata kama jukwaani ni usiku wa manane. Ni heri ichaguliwe hali tulivu ya kuanzia, na kubadilisha hali kufanywe kwa kitufe kilichounganishwa kwa waya, kuliko kuitegemea Wi-Fi katika ukumbi wenye simu mamia.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba haya ni mambo ya mafundi, hayawahusu wanaosoma fasihi. Dai hilo halina mashiko. Mwanafunzi aliyeunganisha nyaya huhitimu akaenda zake, na kikundi hurithi kisanduku kisichofahamika, chenye maelezo ya Kiingereza au Kichina. Chama kinachojinasibu kwa Kiswahili kingeweza kubandika ndani ya kifuniko cha kisanduku hicho ukurasa mmoja wa Kiswahili: idadi ya taa, taa ya kwanza iko wapi, mpangilio wa rangi, kikomo cha mkondo, waya upi ni wa data, na nywila mpya imehifadhiwa kwa nani. Uandikwe kabla ya onyesho la kwanza, wakati aliyeziunganisha nyaya bado yupo chuoni.