Mita 60 za Mto Si Adui wa Mkulima



Swali ninaloulizwa sana kiangazi hiki si la kantangaze wala bei ya mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, hizi mita 60 za mto alizileta nani, na kwa nini zinatuonea sisi tunaojituma?"

Nitajibu, ila nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana kilikodi eneo kando ya mto, wakaniita niwaelekeze kilimo cha nyanya. Nikawafundisha kitalu, nafasi ya mche hadi mche, dawa na muda wa kupiga. Mto ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tuta la kwanza. Sheria nilikuwa naijua, lakini nikanyamaza. Niliona wana moto wa kazi, na kwa kweli na mimi nilitaka kikundi cha kuandika kwenye ripoti. Nyanya zilipoanza kubadilika rangi, ikaja amri ya kuondoka. Matenga machache waliyowahi kuvuna hayakurudisha hata hela ya mbegu na mafuta ya pampu. Mwenye eneo alishakula kodi yake. Vijana wale hawakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo leo nasema nilichopaswa kusema siku ile.

Kwanza, kulazimishana kutunza ardhi hakukuanza jana. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima ya Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Lengo halikuwa baya, mlima kweli ulikuwa unaporomoka. Lakini kazi ilikuwa nzito, tena udongo wa juu kule ni mwembamba, hivyo kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba. Mtu anatoka jasho, halafu mavuno yanapungua! Mwaka 1955 wananchi wakachachamaa, zikatokea vurugu, na mpango ukafa. Matuta yalichukiwa kwa sababu aliyeamriwa kuchimba hakuona faida yake.

Baada ya uhuru, mwaka 1973, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wazee wanaukumbuka kwa jina la HADO. Kondoa makorongo yalikuwa yamekula ardhi vibaya, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Uoto ulirudi, hilo halina ubishi. Lakini muulize aliyeswaga ng'ombe wake kwenda mbali kama ilikuwa rahisi. Baadaye ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, na hapo ndipo familia nyingi zilianza kuona kuwa hifadhi na kipato vinaweza kukaa nyumba moja.

Mwaka 1983 ikatungwa sheria iliyoanzisha NEMC. Wakati ule baraza hilo kazi yake kubwa ilikuwa kushauri, na ushauri unaweza kuusikiliza au ukauacha. Mwaka 1997 tukapata sera ya taifa ya mazingira, kisha mwaka 2004 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20. Hii ndiyo yenye meno. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari.

Sasa, kwa nini ukingo uachwe? Mizizi ya miti na majani inashika kingo zisimeguke. Mvua ikinyesha, uoto unapunguza kasi ya maji, udongo na masalia ya mbolea na dawa vinabaki nchi kavu kabla ya kufika mtoni. Ukilima mpaka mlangoni pa mto, ukingo unabomoka, mchanga unajaa, mto unakuwa mpana na kina kinapungua. Halafu Septemba unashangaa pampu inavuta hewa.

Na mto kukauka si hadithi. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi. Sababu kubwa ni matumizi ya maji huku juu, Usangu, kuliko mto unavyoweza kuhimili. Mto ule unaelekea bwawa la Mtera, na umeme wa Kidatu unautegemea. Maji ya kiangazi hayana mwenyewe mmoja. Ukiyamaliza juu, kuna kijana mwenzako kule chini naye ana kitalu.

Najua mtasema: bwana shamba, wewe una mshahara. Ni kweli, na hasara siifichi. Eneo lenye urefu wa mita 100 kando ya mto, ukiacha mita 60, linapoteza mita za mraba 6,000. Hiyo ni karibu ekari moja na nusu ya ardhi nzuri kuliko zote. Inauma. Ndiyo maana naona sisi watumishi tunakosea tunapoijulisha sheria hii kwa mara ya kwanza siku ya kumwondoa mtu. Amri bila elimu ni Uluguru ya mwaka 1955 imevaa nguo mpya. Tunapaswa kufika kabla ya jembe.

Lakini na ninyi mnaiona sheria hii upande mmoja tu. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na sheria inakuruhusu kuidai, hata mahakamani. Anayechafua anatakiwa kulipia uchafuzi wake. Siku mtu wa juu akimwaga kemikali mtoni na bustani yako ikaungua, utashika sheria gani kama siyo hii? Na utaishikaje wakati wewe mwenyewe umelima ndani ya ukingo?

Basi tufanye hivi. Kabla ya kukodi, chukua futi kamba, pima mita 60 kutoka ukingoni, na ulipie kinachobaki tu. Ukiambiwa "hapa watu wanalima kila mwaka", jibu kwamba mtaji ni wako. Pili, nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu ukaombe kibali cha kutumia maji. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inakitaka, hata kama una pampu ndogo. Kiangazi kikikaza, mwenye kibali ana pa kusimamia. Tatu, piga hesabu ya mpira mrefu na umwagiliaji wa matone mwanzoni kabisa, ukiwa bado unapanga mtaji. Ukingoni usipande mikaratusi, inakunywa maji mengi. Acha mikuyu na miti ya asili irudi. Ukitaka kutundika mizinga ya nyuki, muulize kwanza afisa mazingira wa halmashauri.

Na ukiniita shambani kwako mwaka huu, usishangae nikianza kwa kupima umbali wa mto kabla sijaangalia hata jani moja. Nimeshanyamaza mara moja, na walioumia ni wengine.

Kazi njema, tukutane shambani.