Sushi ya Dar na dagaa wa bibi

Kimya changu kisiwatie hofu, niko TP huku nyumbani Katumba. Mchana chaki, usiku kuvizia mtandao. Leo tuongee sushi. Ndiyo, sushi, msicheke kwanza.

Mwaka wa kwanza nilikuja chuo na kisado cha dagaa alionifungia bibi. Mwenzangu wa chumba akafungua madirisha yote, eti chumba kinanuka soko. Nikaona aibu, dagaa wote nikawagawa. Bumu lilipoingia, huyo huyo akatuburuza mgahawani kula samaki mbichi. Vipande nane vikala bumu la siku tatu, na mnajua siku moja ni shilingi 10,000. Wali ulikuwa wa baridi na mgumu, samaki ananuka kuliko dagaa wangu. Tukapiga picha, tukasifia. Na mimi nilisifia! Hilo ndilo linaloniuma.

Sisemi sushi ni mbaya. Baadaye nilikula nzuri kwingine, nikaelewa watu wanafuata nini. Ninachosema ni kwamba tunakula bila kujua, na tunachojua tunakionea aibu.

Sushi ni wali kwanza: wali wenye siki, sukari na chumvi. Samaki mbichi peke yake bila wali anaitwa sashimi. Wali mzuri una uvuguvugu kidogo, unashikana lakini punje zinaonekana. Ukiletewa uliotoka friji, hapo umeshapigwa. Samaki naye asinuke, na nyama yake isiwe imelegea. Muulize mhudumu bila woga kama aligandishwa kwanza, maana kumgandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kunaua minyoo. Akikuona mshamba, poa, tumbo ni lako.

Sasa sikilizeni hii. Zamani sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki. Walimtia chumvi, wakamfukia ndani ya wali miezi kadhaa mpaka ukachacha, kisha wakala samaki na wali wakatupa. Karne ya 19 huko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, matonge ya wali na samaki yaliuzwa kwenye vibanda vya mtaani kwa watu wenye haraka. Yaani mama ntilie kabisa!

Na sisi je? Kutoka Karema, ziwani Tanganyika, mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 100. Ndiyo maana dagaa anaanikwa juani na mgebuka anakaushwa kwa moshi. Shida ni ile ile ya Mjapani: samaki anaharibika, watu wanataka kula. Bibi yangu alivuka kutoka Burundi mwaka 1972. Mengi yalibadilika, ila dagaa, ambao yeye anawaita ndagala, walitoka ziwa lile lile. Halafu mimi nikawagawa kwa sababu ya madirisha.

Wiki iliyopita nilijaribu nyumbani. Mwani wa kuviringishia haupatikani huku, na ule unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine. Nikapika mchele wa huku huku Katavi, maji nikazidisha kidogo, nikachanganya siki, sukari na chumvi, nikaupepea na ungo. Nikafinyanga matonge madogo, juu nikaweka parachichi na mgebuka wa moshi niliyempasha vizuri. Haukushikana kama wa Kijapani, lakini sahani ilirudi tupu. Angalizo: samaki wa ziwani msimle mbichi, ana minyoo yake. Mpikeni.

Nikamweleza bibi kwamba Dar tunalipia samaki asiyepikwa. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, kuni ziliwaishia?"

Msimamo wangu ndio huo wadau. Sushi kuleni, ila ikiwa mbaya semeni mbaya hata kama picha imetoka vizuri. Mimi nikimaliza TP narudi chuo na kisado kingine. Atakayefungua dirisha, afungue tu. Harufu ikimfikisha mezani, sahani ipo.

Tuonane wiki ijayo, mtandao ukipenda.