Wenye kisukari Kegonga wapimwe macho kabla giza halijaingia

MKULIMA wa Kegonga anayeugua kisukari huweza kuvuna mahindi yake, kuhesabu pesa za tumbaku na kutambua nyuso za wageni bila shida, ilhali macho yake yamekwisha kuanza kuharibika.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi haya. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi hudhoofisha mishipa midogo ya retina, nyuma ya jicho. Mishipa hiyo huvuja, mingine huziba, kisha huchipuka mipya isiyo imara ambayo hupasuka kwa urahisi. Mwanzoni hapana maumivu wala ukungu. Mgonjwa anapoona madoa meusi yakielea, mara nyingi uharibifu umekwenda mbali, na matibabu ya leza au sindano aghalabu huzuia hali isizidi tu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu Wakenya wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Si ajabu basi kwamba wapo wanaojulishwa kisukari chao na daktari wa macho.

Kegonga iko Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Mgonjwa anayetumwa kwa mtaalamu mjini Migori au Kisii hutafuta nauli, hupoteza siku ya kazi na huhitaji msindikizaji, kwani dawa ya kupanua mboni hufifisha macho kwa saa kadhaa. Nani atagharamika hivyo kwa jicho lisilouma? Kuwaita wanaoahirisha wazembe si haki.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini kadi yake hailipi matatu.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo swali hili ni la Migori: kwa nini siku ya kliniki ya kisukari isiwe pia siku ya kupiga picha za macho? Muuguzi aliyefunzwa anaweza kutumia kamera ya retina na kumpelekea mtaalamu picha azisome. Watakaosafiri ni wale tu wanaohitaji matibabu.

Uingereza ilianza mpango wa kupima macho ya wenye kisukari mwaka wa 2003. Mnamo 2014 watafiti walitangaza kuwa maradhi haya hayakuwa tena chanzo kikuu cha upofu miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi huko, mara ya kwanza katika takriban miaka 50.

Mgonjwa naye ana wajibu wake: kudhibiti sukari na shinikizo la damu, kuacha sigara (hata kama tumbaku ndiyo karo ya watoto), na kupimwa macho kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari asingoje mwaka. Hupimwa mimba ikiwa changa, kwani maradhi haya huweza kwenda kasi katika miezi hiyo.