Somo Lianze na Mkungu wa Ndizi

Mwalimu mwanafunzi aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha Tarime au Serengeti atakuta darasani watoto wajuao kuvumbika ndizi. Wanajua kwamba ndizi moja mbivu huziivisha mbichi zilizo karibu nayo. Hata hivyo, mara nyingi sisi walimu tumeanza somo ubaoni, tukawakaririsha wanafunzi maana ya neno ‘kichocheo’, na ujuzi wao tukauacha nje ya mlango. Twaona kuwa hilo ni kosa.

Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini. Gesi hiyo ni ya jamii ya alkeni: atomu zake mbili za kaboni zimeungana kwa kifungo maradufu, na hapo ndipo pamanganeti ya potasi huishambulia na kuioksidisha. Mwaka 1970 wataalamu wa Australia walieleza jinsi pamanganeti ilivyochelewesha kuiva kwa ndizi zilizohifadhiwa katika mifuko.

Lakini fuwele za pamanganeti zikirundikwa chomboni, gesi hugusa sehemu ya juu tu. Dawa hiyo ikinyweshwa kitu kigumu chenye vitundu vingi, kama vipande vya tofali la kuchoma, huenea juu ya eneo kubwa, nayo hukaa mahali pake hewa ikipita. Hilo ndilo wazo tunalotaka mtoto alielewe.

Basi mwalimu na atayarishe ndoo tatu zenye vifuniko. Katika kila moja atie ndizi mbichi za mkungu mmoja. Ya kwanza ibaki hivyo. Ya pili iongezwe ndizi mbivu. Ya tatu iongezwe ndizi mbivu pamoja na kisahani cha vipande vya tofali vilivyoloweshwa katika maji ya pamanganeti na kukaushwa. Kila siku wanafunzi waandike rangi ya ndizi na ya vipande. Dawa aishike mwalimu peke yake, kwani huunguza na kutia madoa. Wala vipande visiguse matunda. Matokeo yasipolingana na matarajio, yaandikwe vivyo hivyo, kisha darasa litafute sababu.

Hapa hatuna budi kuonya. Vipande vya zambarau vitageuka kahawia, maana pamanganeti hutumika ikaisha. Kwa hiyo si kichocheo, na mwalimu asiiite hivyo. Kichocheo huharakisha badiliko nacho hakiishi katika badiliko hilo. Wanakemia nao hufunga molekuli zenye kiini cha metali, kama manganizi, juu ya silika ili zichochee uoksidishaji wa alkeni. Kazi ikiisha, huchuja ile silika na kuitumia tena. Taabu yao ni kwamba metali huweza kubanduka na kuchukuliwa na kimiminiko. Hapo faida ya kuifunga hupotea.

Watoto wa darasa la tano hawahitaji majina ya molekuli hizo. Wanahitaji kuuliza: kwa nini tofali, wala si jiwe lisilo na vitundu? Kwa nini rangi imebadilika? Mtoto aliyeuliza hayo mbele ya ndoo ya ndizi atakapokutana na neno ‘kichocheo’ katika masomo ya juu, atalipokea kama jibu la swali alilokuwa nalo. Aliyelikariri tu hana swali, na jibu lisilo na swali husahaulika mara mtihani unapokwisha.