Tembo Aliyeitwa Polepole

Huko Uingereza alikuwako mcheza sinema jina lake Bill Travers. Yeye na mkewe, Virginia McKenna, walikuja Kenya kucheza sinema ya simba jike Elsa. Sinema hiyo ilitoka mwaka 1966. Baadaye Travers akaanza kutengeneza sinema za wanyama yeye mwenyewe.

Katika sinema mojawapo alikuwamo mtoto wa tembo, jina lake Polepole. Alikuwa amekamatwa porini ili awe zawadi ya Serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Kazi ya sinema ilipokwisha, Travers na mkewe wakaomba kumnunua. Walitaka alelewe Tsavo. Wakajibiwa kuwa wanaweza kumpata, lakini tembo mwingine atakamatwa badala yake.

Huo ulikuwa mtihani. Wewe ungefanyaje? Wao hawakutaka mtoto mwingine aondolewe kwa mama yake. Basi Polepole akapelekwa London.

Chakula alipata, na matabibu walikuwako. Lakini tembo jike wa porini huishi na mama yake, shangazi zake na dada zake mpaka kufa. Hayo bustani haiwezi kuyanunua.

Mwaka 1982 mtu na mkewe walikwenda kumtazama. Walimwita jina lake. Akasogea, akanyoosha mkonga wake mpaka ukagusa mikono yao. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya kumi!

Mwaka 1983 ikaamuliwa ahamishwe. Akaumia mguu ndani ya kasha la safari. Akapewa dawa ya usingizi ili apimwe, na hakuamshwa tena. Hakuwa amefika hata miaka 20, na tembo huweza kuishi miaka 60.

Mwaka 1984 Travers, mkewe na mwana wao Will walianzisha shirika la Zoo Check, la kuchunguza hali ya wanyama waliofungiwa. Mzee Travers alizunguka Ulaya na kamera yake. Alipiga picha za wanyama waliokuwa wakitikisa vichwa kutwa, au wakienda huku na huku bila kituo. Picha hizo zilisema kuliko hotuba. Alifariki mwaka 1994.

Shirika hilo sasa linaitwa Born Free, na Kenya linafanya kazi Meru, nchi ya Elsa. Na ile bustani ya London haina tembo tena. Wa mwisho walihamishiwa Whipsnade mwaka 2001.