JUA HALITOZI RIBA

Mwezi wa Mei, mwaka 2023, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitiliana saini na kampuni ya Sinohydro ya China mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa jua katika kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Mradi mzima ni wa megawati 150, na awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Fedha za ujenzi ni mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa.

Wakazi wa Kishapu hawahitaji kufundishwa habari za jua. Ndilo linalokausha malambo ya mifugo yao na ndilo linalopasua vitumba vya pamba yao. Wilaya hiyo ndiyo yenye mgodi wa almasi wa Mwadui, uliofunguliwa mwaka 1940, na kwa miaka mingi utajiri wa ardhi ile uliwanufaisha zaidi watu waliokuwa mbali nayo kuliko wale waliolala juu yake. Sasa utajiri mwingine unavunwa mahali pale pale. Ni haki kuuliza mapema nani atakayebaki na faida yake, na jibu la swali hilo halimo katika paneli wala katika nyaya. Limo katika mkataba wa fedha.

Umeme wa jua una tabia moja ambayo watendaji wengi bado hawajaizingatia ipasavyo. Anayenunua jenereta hununua pia mafuta yake kila wiki, na akikosa fedha huizima. Anayejenga kituo cha jua hulipa siku ya kwanza karibu gharama yote ya umeme wa miaka 25 ijayo. Baada ya hapo hakuna mafuta ya kununua, na kazi inayobaki ni kusafisha paneli, kulinda eneo na kutengeneza kinachoharibika. Kwa hiyo bei ya uniti moja hutegemea zaidi bei ya fedha iliyokopwa kuliko ukali wa jua lenyewe.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Shilingi 100 zikikopwa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 3, na kulipwa kwa marejesho yaliyo sawa kila mwaka, mkopaji atarudisha jumla ya shilingi 134. Fedha hizo hizo zikikopwa kwa riba ya asilimia 12, atarudisha shilingi 268. Paneli ni zile zile, mafundi ni wale wale na jua ni lile lile. Lakini mnunuzi wa umeme ameongezewa mzigo mara mbili kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa katika ofisi ya benki.

Hapo ndipo nchi zenye jua kali zinapoonewa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba Afrika ina asilimia 60 ya maeneo yaliyo bora kabisa duniani kwa umeme wa jua, lakini ina asilimia 1 tu ya mitambo ya aina hiyo. Shirika hilo limekwisha kuonyesha pia kwamba fedha za miradi ya nishati katika Afrika hupatikana kwa gharama iliyo mara mbili hadi mara tatu ya ile ya nchi tajiri. Wakopeshaji husema wanatoza hivyo kwa sababu ya hatari. Baadhi ya hatari hizo ni za kweli. Nyingine ni mazoea ya watu wanaoipima nchi kwa habari walizosoma wakiwa mbali, na hizo hazina budi kupingwa kwenye meza ya majadiliano kwa takwimu, siyo kwa manung'uniko.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba dawa ni kupokea kila mkopo wa riba nafuu unaotolewa na mataifa ya nje. Jambo hilo linahitaji uangalifu mkubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi 2,300 na kidogo. Mwaka 2024 ilipita shilingi 2,700. Deni la dola milioni 1 ambalo lingelipwa kwa shilingi bilioni 2.3 likahitaji bilioni 2.7, yaani shilingi milioni 400 zaidi, bila uniti hata moja ya umeme kuongezeka. Ni kweli kwamba baadaye shilingi ilipanda tena, lakini deni la miaka 20 haliwezi kuegemezwa kwenye bahati. Mkulima wa pamba na mwalimu wa Ngunga hulipia umeme kwa shilingi. Mkataba unaomdai fedha za kigeni mtu anayechuma shilingi humfunga kwa kamba ambayo ncha yake haimo mikononi mwake.

Zambia imepita katika njia hiyo. Mwaka 2016 nchi hiyo, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliitisha zabuni ya umeme wa jua na kupata bei ya senti 6.02 za dola kwa uniti, bei ambayo wakati ule ilishangaza Afrika nzima. Kituo cha Bangweulu kilichotokana na zabuni hiyo kilianza kazi mwaka 2019. Ushindani ule ulikuwa wa wazi na unastahili kuigwa. Lakini bei iliwekwa kwa dola, na shirika la umeme la Zambia, ZESCO, hukusanya kwacha kutoka kwa wateja wake wa nyumbani. Mwezi wa Novemba 2020 Serikali ya Zambia ilishindwa kulipa madeni yake ya nje, thamani ya kwacha ikawa imeanguka, na bei iliyokuwa rahisi kwa dola ikawa si rahisi tena kwa mnunuzi wa Lusaka.

Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho. Mwaka 1995, katika kipindi cha ukame na uhaba wa umeme, TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya megawati 100 huko Tegeta, bila zabuni ya ushindani. Shauri lake lilifikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mitambo ikaanza kuzalisha mwaka 2002. Chini ya mkataba ule malipo yalitakiwa kwa kuwepo tu kwa mitambo, hata pale umeme wake usipohitajika. Haraka ya siku za giza ilizaa deni lililowaelemea wananchi siku za mwanga. Mtumishi yeyote anayeandaa mkataba mpya wa nishati hana budi kuwa na faili hilo mezani pake.

Wako wanaosema kwamba baada ya kukamilika kwa mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye megawati 2,115, habari za jua ni anasa. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa kwa kuwa bwawa lile lilijengwa kwa fedha za Serikali yenyewe na kuthibitisha kwamba Taifa linaweza likiamua. Lakini Rufiji ni mto, na mto hungoja mvua. Umeme wa Kishapu ukitumika mchana, maji hubaki bwawani yakisubiri usiku. Kwa njia hiyo bwawa hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na betri za bei kubwa, na jua huongeza maisha ya maji wakati wa kiangazi, ambapo mawingu ni haba. Nchi yenye vyote viwili ina karata nzuri ya kuwaonyesha wakopeshaji, maana hatari ya mradi wake imepungua kabla hata majadiliano hayajaanza.

India iliitumia vizuri karata ya namna hiyo. Katika zabuni za mwaka 2010 bei ya umeme wa jua nchini humo ilikuwa zaidi ya rupia 10 kwa uniti. Mwaka 2017, katika mradi wa Rewa wa megawati 750 katika jimbo la Madhya Pradesh, bei ya mwaka wa kwanza ilikuwa rupia 2.97. Paneli zilikuwa zimeshuka bei duniani kote, hilo halikanushiki. Lakini wenye mamlaka walifanya pia kazi yao: ardhi iliandaliwa kabla ya mwekezaji kufika, vituo vya kupokea umeme vilijengwa, na Serikali ya jimbo ikaweka dhamana kwamba mwuzaji atalipwa hata kama mnunuzi atachelewa. Bei yenyewe iliwekwa kwa rupia. Mwekezaji alipoona kwamba hatapigania shamba mahakamani wala kusubiri malipo miaka miwili, aliomba faida ndogo.

Shilingi nazo zipo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi ya Tanga ilipotoa hatifungani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5, fedha zilizotolewa na wanunuzi zilizidi kiasi kilichoombwa. Riba hiyo siyo ndogo, na itakuwa udanganyifu kuificha. Tofauti yake ni kwamba inalipwa kwa shilingi, haipandi dola inapopanda, na sehemu kubwa yake inaweza kubaki mifukoni mwa wananchi. Busara basi ni kuchanganya: mkopo nafuu wa nje ulipie paneli na vifaa vinavyonunuliwa nje, na akiba ya ndani ilipie misingi, barabara, uzio, njia za kusafirisha umeme na mishahara ya mafundi.

Akiba hiyo ni ya nani? Kwa sehemu kubwa ni ya walimu na watumishi wa umma, ambao michango yao hukatwa kila mwezi na kupelekwa katika Mfuko wa PSSSF ulioundwa mwaka 2018. Fedha za uzeeni huhitaji kitegauchumi cha muda mrefu, na kituo cha jua huzalisha kwa miaka 25. Vinafaana. Hata hivyo michango hiyo siyo sanduku la Serikali la kuchota inapobanwa. Mstaafu aliyewahi kuhangaika ofisi hadi ofisi akidai kiinua mgongo chake ana haki ya kukataa miradi isiyolipa. TANESCO ikitaka fedha hizo ioneshe kwanza vitabu vyake, iweke malipo ya wenye hatifungani mbele ya matumizi mengine, na ikubali kukaguliwa hadharani kila mwaka.

Mwezi wa Januari 2025 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam na kuunga mkono lengo la kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Wakopeshaji wengi watakuja na mikoba yao. Kabla kalamu haijashikwa tena, Wizara ya Nishati na Hazina zitangaze kwa Kiswahili, kwa kila mradi, bei ya uniti, sarafu ya malipo, riba, muda wa deni na nani atakayebeba hasara ya kushuka kwa shilingi. Zianze na Kishapu.