Dawa hailipi deni la wajomba

Huku Tunduma si unajua tena, malori foleni hadi Nakonde, kila mtu anakimbizana na shilingi. Katika pilika hizo braza wangu aliteleza juu ya lori la mzigo, akatua kwa mgongo. Pingili mbili chali! Ikabidi apelekwe Dar kupasuliwa.

Ndugu tukaombwa tujitolee damu. Weee! Wajomba wote ghafla wakakumbuka safari. Tukabaki mimi na shemeji.

Daktari akasema braza atapewa pia dawa ya kupunguza kuvuja damu, asidi ya traneksamiki. Shemeji machozi yakamlengalenga: "Daktari, si mtamgandisha damu mwili mzima?" Na mimi moyoni nilikuwa hapo hapo.

Daktari akatuelewesha taratibu. Ukikatwa, mwili hujenga bonge la damu kuziba kidonda. Halafu mwili huo huo hutoa plazimini ya kuliyeyusha. Upasuaji wa mgongo una kasheshe yake: mfupa ukichongwa huvuja, na huwezi kuufunga kwa uzi kama mshipa. Bonge likiyeyushwa mapema, damu inazidi kwenda. Dawa hii haijengi ukuta, jamani; ni mlinzi tu, inazuia ukuta uliojengwa usibomolewe upesi.

Si mambo ya kubahatisha. Waliiibua Wajapani, mama Utako Okamoto na mumewe Shosuke, mwaka 1962. Mwaka 2010 utafiti wa CRASH-2, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha waliopewa walikufa wachache zaidi, na mabonge mabaya kwenye mishipa hayakuongezeka. Hao walikuwa majeruhi, lakini hata kwenye upasuaji wa mgongo tafiti zimeonyesha damu inayopotea hupungua.

Ila usiifanye njugu za kununua dirishani! Aliyewahi kugandiwa damu mguuni au kwenye mapafu amwambie daktari mapema. Na dozi ikizidi sana inaweza kuleta degedege.

Braza alitoka salama. Kati ya chupa mbili tulizotoa, alitumia moja. Leo anatembea na fimbo, na kelele zake zimerudi pale pale.

Wajomba nao wamerudi safari, wanasema siku hizi kuna dawa, damu ya nini? Jamani, mlinzi hulinda kilichomo ghalani, hajazi ghala. Ile chupa moja ilitoka mkononi kwa mtu.

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.